Kiti cha Ndimu

Nyuma ya lile jengo la ofisi, pale ukuta unapokata kona na bomba la maji machafu linapochungulia barabarani, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Hapo ndipo habari za ghorofa ya pili hushukia zikiwa bado za moto. Ukitaka kujua nani kanuna, nani kapandishwa cheo na nani kakutwa akilia chooni, huna haja ya kupanda ngazi: keti, agiza kahawa, funga mdomo, fungua masikio. Mama Kahawa, mwenye birika na jiko lake la mkaa, anamimina tu huku akisikiliza zaidi kuliko anavyomimina. Pembeni yake yuko Geti, mlinzi wa mlango wa nyuma, mzee aliyechukua jina la kazi yake, na kiti chake cha kazi ni debe la rangi lililopinduliwa. Yuko Fomula, kijana wa hesabu, ambaye ukimuuliza saa ngapi anaanza kukueleza saa inavyotengenezwa. Na yuko Cherehani, mama wa makamo, kazi yake kuingiza taarifa kwenye kompyuta. Jina hilo alipewa kwa sababu vidole vyake kwenye kibodi vilikuwa vikilia trrrrr bila kituo, mpaka mgeni akipita koridoni anadhani mna fundi nguo humo ndani. Vilikuwa, ndiyo. Tutafika huko.

Siku hiyo, Ijumaa, Cherehani alishuka ngazi amevimba uso, akajitupa kwenye benchi mpaka tofali likalalamika.

— Kahawa, mama. Nyeusi.

— Kuna nini huko juu, mwanangu?

— Kiti.

— Kiti kimefanya nini?

— Kimenipita.

Geti akaguna, akalisogeza debe lake karibu. Umbea ukianza namna hiyo, mtu mwenye akili zake hakai mbali.

— Kile cha Ndimu? Fomula akadakia.

— Kwani kuna kingine? Jumatatu kaletewa, leo Ijumaa jina lake liko juu ya langu ubaoni. Juu yangu! Mimi Cherehani!

Hapo lazima mueleweshwe. Katika chumba chao kuna ubao mweupe ambao kila Ijumaa huandikwa nani ameingiza taarifa nyingi kuliko wenzake. Jina la Cherehani lilikaa juu kwa muda mrefu hata wino wake ukawa haufutiki vizuri. Ndimu, ambaye meza yake iko ubavuni kwa Cherehani, na ambaye jina lake amelipata kutokana na ulimi wake, alikuwa akielea tu katikati ya ubao, hapandi wala hashuki. Sasa msimamizi wa chumba anastaafu, na meneja ametangaza kwamba atakayekuwa juu mwisho wa mwezi ndiye atakayerithi ile meza ndogo ya msimamizi. Na msimamizi hachapi. Msimamizi anakagua ya wenzake, anatia alama, anakunja mikono, anakohoa. Cherehani aliitaka ile meza kuliko alivyowahi kuitaka nyumba yake mwenyewe.

— Hebu kielezee hicho kiti, akasema Mama Kahawa. Mimi sipandi huko.

— Cheusi. Mgongoni ni wavu, unapitisha upepo. Kina mikono inayopanda na kushuka. Pale kiunoni pametuna kidogo, basi akikaa kinamkumbatia. Miaka yote niliyoolewa, mama, mimi sijakumbatiwa hivyo!

Geti alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

— Na si kiti peke yake, Fomula akaongeza. Skrini wameiinua ikamtazama machoni. Chini wamemwekea kibao cha miguu. Dirishani pazia. Mtu kaja kazini, kapambiwa kama bibi harusi!

— Kwa lipi alilofanya?

— Kwa utovu wa adabu, akasema Cherehani, na hapo roho ikamuuma upya.

Maana siku ile ya ukaguzi aliiona kwa macho yake. Alikuja binti mmoja mwembamba, ametumwa kukagua jinsi watu wanavyokaa mbele ya skrini, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Binti mwenye malezi, nani atabisha? Alipita meza kwa meza, akipima huku, akichungulia miguu kule, na kila aliyemfikia alimwamkia kwanza. Alipofika kwa Cherehani akainama kidogo.

— Shikamoo mama. Habari za kazi?

— Marahaba mwanangu. Nzuri.

— Mgongo, mama, unaendeleaje?

— Vizuri tu.

— Na macho?

— Salama.

— Mkono wa mausi je?

— Tunamshukuru Mungu.

Na mkono wenyewe wakati huo alikuwa ameubana katikati ya magoti chini ya meza, ili ule uchomaji wa sindano upoe. Lakini angejibu nini? Mtoto wa watu amekujulia hali vizuri, wewe umtapikie maradhi? Ulisikia wapi? Fomula naye, aliyekuja kutoka chumba cha hesabu kuazima karatasi, akaulizwa habari za shingo, akajibu kwamba ni njema, sijui yako binti? Binti akacheka, akasema yangu pia njema. Wakaagana kama watu waliokutana msibani wakagundua ni ndugu. Na shingo ya Fomula, jamani! Kwa kuinamia ile skrini yao iliyowekwa chini kama sufuria, shingo imekataa kugeuka. Ukimwita, anageuka mzima mzima kama kabati linalohamishwa.

Kisha binti akafika kwa Ndimu.

— Shikamoo dada. Mgongo unaendeleaje?

— Mbovu, akasema Ndimu. Bila hata marahaba. Mkono huu unakufa ganzi, usiku naamka nautikisa kama chupa ya dawa. Macho yanatoa machozi. Jua la dirisha hilo linapiga kwenye skrini, sioni ninachoandika, nabaki kupinda shingo kama kuku anayetafuta njia. Na kiti hiki kilitolewa jikoni kwa mtu.

Watu waliona aibu kwa niaba yake. Cherehani alitazama kibodi chake, uso mzito wa huzuni, na moyoni akaburudika kabisa: huyu leo kajimaliza. Kumbe!

— Mimi nimepiga hesabu, akasema Fomula. Huyu ni ndugu wa meneja. Tazameni masikio. Ya meneja yamesimama, ya Ndimu yamesimama.

— Ya punda pia yamesimama, akasema Mama Kahawa. Naye ni ndugu yao?

— Si undugu, Geti akaingia. Kile kiti nilikipandisha mimi ngazi, nakijua. Chini yake kuna chuma kama mtungi wa gesi. Ukivuta kidude cha pembeni, kinapanda. Mtu mzima anakwenda hewani! Sasa jiulizeni: mtu wa kuandika, hewani anafuata nini?

— Anachungulia! Cherehani akapiga paja. Meza zetu zina vibao vya kututenganisha. Akipanda, skrini yangu yote iko machoni pake. Ananiibia mwendo!

— Na pazia?

— Ili asionekane akichungulia.

Pazia lilikuwa la kuzuia jua lisipige kwenye kioo cha skrini, basi. Lakini jua halikuwa na wa kulitetea pale benchini.

— Mnaangalia juu, akasema Fomula akishusha sauti. Angalieni chini. Kile kibao cha miguu kinapima. Kinajua umekaa muda gani, umeinuka mara ngapi, chooni umekawia kwa nini. Yote yanakwenda kwa meneja kwa waya.

— Nilikibeba mimi. Hakina waya.

— Basi hapo ndipo ujue ni cha kisasa, mzee wangu!

— Lakini machozi yake si ya uongo, akasema Mama Kahawa. Alipita hapa juzi juzi, macho mekundu, akanunua kahawa anapepesa.

— Vitunguu, akasema Cherehani.

— Vitunguu vipi?

— Anaweka kitunguu kwenye droo. Mgeni akija anafungua droo, machozi hayo. Mgeni akiondoka anafunga.

— Umekiona?

— Nimekinusa!

Hata Fomula alisita kidogo. Lakini wivu una nguvu ya kusukuma gari bovu mlimani, na wote walikuwa wamekwisha kupanda.

— Nyinyi bado watoto, Geti akasema, akauweka uso wa mtu aliyeona mengi. Ofisi niliyolinda zamani alikuwepo bwana mmoja. Akaletewa kiti kama hicho hicho. Wakampa na taa ya mezani. Haukupita muda, kiti kipo, bwana hayupo.

— Walimfukuza?

— Alistaafu. Lakini hakuwa ametaka! Ndivyo wanavyofanya. Wanakukalisha vizuri ili usishtuke.

Cherehani akanyanyuka nusu. Hili lilimkolea.

— Basi ndiyo maana! Kiti kile ni alama. Anayepewa wamekwisha kumwandika moyoni: huyu mbovu, huyu anakwisha. Mimi wakiniletea, hata kiwe cha dhahabu, kinarudi kilikotoka. Mtu anayemlilia mgeni apewe pa kukalia ana tofauti gani na ombaomba? Mungu anisikie, mimi sikikalii.

— Mimi pia, akasema Fomula. Naapa.

— Mimi debe langu linanitosha, akasema Geti, naye akajikuna kiuno pale ukingo wa debe unapomkata kila siku.

Wakaapa hivyo watatu, wakanywa juu yake. Mama Kahawa hakuapa, ila macho yake yalimwangukia Cherehani.

— Mbona siku hizi kikombe unashika kwa mkono wa kushoto?

— Cha moto.

— Kwani cha moto upande mmoja?

— Mama, mimina tu.

Hapo sasa ndipo tulipokuwa tunaelekea. Ule mkono wa kulia wa Cherehani ulikuwa umeanza kumwacha tangu mvua zilizopita. Kiti alichokalia ni kifupi na meza ni ndefu, kwa hiyo siku nzima viwiko vyake vinaning'inia, vifundo vya mikono vimekunjwa juu ya ukingo wa meza kama nguo kwenye kamba. Kwanza kidole gumba kiliwaka moto, kisha cha pili na cha tatu vikalala ganzi. Sasa maumivu yamepanda mpaka begani, na mkono haufiki juu ya kifua bila yeye kuuma meno. Ile trrrrr imekuwa tr, tr, tr. Nyumbani binti yake ndiye anayemfunga vifungo vya mgongoni, ameambiwa mama amenenepa, mikono haifiki nyuma. Na mume wake, maskini, kila akimshika mkono ule mkono unakimbia, naye amekwisha kuanza kuuliza kwa upole ni nani huko ofisini anayemchekesha sana siku hizi. Cherehani aliona afadhali adhaniwe hivyo kuliko kujulikana. Cherehani asiyekwenda mbio ataitwa nani? Akaiwekea tumaini lake lote ile meza ya msimamizi: aufikishe tu mkono mwisho wa mwezi, aukunje, upumzike, asijue mtu. Na sasa Ndimu amekaa mahali pazuri, anampita huku amestarehe.

Alikuwa bado anatafuna hayo pale mlango wa nyuma ulipofunguka. Akatokea dereva mmoja mnene, amejifunga mkanda mpana wa kiuno, anasukuma kiti. Cheusi, mgongo wa wavu, kimevikwa nailoni. Akakipitisha mbele ya benchi, magurudumu yakilia kwenye vijiwe, akakipandisha kwenye gari lililosimama kando ya ukuta. Akarudi. Akatoka na kingine. Akarudi. Akatoka na kingine. Benchini macho yalikuwa yakienda na kurudi.

— Vile nilidhani vya mabosi, Geti akanong'ona. Vimekaa stoo ya chini tangu Jumatatu, vimefunikwa.

Dereva alipomaliza akaja, akajishusha kwenye ukingo wa benchi kwa kuugulia waziwazi.

— Jamani, mgongo unaniua leo. Mama, nipe kahawa, kama una dawa nitilie humo humo.

Wote watatu wakatazama pembeni. Mtu hajakaa vizuri, amekwisha kuutangaza mgongo wake!

— Kaka, viti vya nani hivyo? Fomula akauliza.

— Vilikuwa vyenu.

— Vyetu vipi?

— Vyenu, wa ghorofa hii yote. Kila atakayesema anaumwa, chake, na mlinzi pia aliwekewa. Yule binti wa ukaguzi alisema tuvilete vyote, vikae stoo wiki moja, huenda mtu akajitokeza. Hakujitokeza mtu. Sasa vinakwenda ofisi nyingine, wanavisubiri kwa hamu.

— Na Ndimu? Cherehani akauliza. Sauti ilimtoka ndogo. Yule dada aliyepewa. Alimwendea nani?

— Hakumwendea mtu. Si aliulizwa, akajibu? Dereva akapuliza kahawa yake. Lakini binti anawasifu nyinyi, mjue. Anasema tangu aanze kazi hiyo hajaona watu wenye afya namna hii. Skrini zinawamulika kama taa za gari, viti vya kulia chakula, meza zimepinda, na bado chumba kizima mtu mmoja tu ndiye anayeumwa. Anasimulia kila anapokwenda.

Dereva akanywa, na kwa kuwa kazi yake ni kutazama barabara, alikuwa na macho. Akamtazama Cherehani na kile kikombe cha mkono wa kushoto. Akamtazama Fomula, ambaye ili amtazame yeye alilazimika kuzungusha kiwiliwili chote. Akamtazama mzee juu ya debe.

— Sasa nyinyi, akauliza, wala hakuuliza kwa ubaya, mbona hamkusema?

Fomula, aliyekuwa na maelezo ya waya usiokuwepo, akafungua mdomo. Akautia kahawa. Geti akainama kulichunguza debe lake kama ndiyo kwanza analiona. Mama Kahawa akamngoja kila mmoja kwa zamu, birika mkononi.

Cherehani alikuwa na jibu, tena lilikwisha kufika kwenye meno. Kaka, kimoja kishushe. Maneno matatu, ya mtu yeyote. Lakini upande huu alikaa Fomula, upande ule Geti, na kiapo kilikuwa bado kina joto ndani ya vikombe. Alilijua benchi hili, maana yeye mwenyewe ndiye fundi wake: kabla kiti hakijafika ngazi ya kwanza, habari ingekuwa imekwisha kupanda juu kwamba Cherehani naye kalilia kiti, kwamba mkono wake mbovu, kwamba droo yake inanuka vitunguu. Akameza mate, na jibu likashuka nayo.

Mlango ukafunguka tena. Alikuwa yule binti, futi shingoni, anafuata gari. Akawaona, akafurahi, akapitia kuaga kama mtoto wa adabu alivyofundishwa.

— Shikamooni wazee wangu. Mnaendeleaje?

— Vizuri! wakaitikia wote kwa pamoja, tena kwa sauti nzuri.

— Nimefurahi sana kuwafahamu. Kwaherini.

Cherehani akakusanya nguvu zake zote. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni:

— Karibu tena, mwanangu.

Binti akapanda mbele. Dereva akaacha kikombe, akajivuta hadi kwenye usukani huku akilaani mgongo wake mbele ya dunia nzima. Gari likanguruma. Nyuma, viti vikatikisika ndani ya nailoni zao, vyote vimeelekeza uso benchini.

Ndipo Cherehani aliposimama. Akaacha kikombe kianguke, akauinua mkono wa kulia kulisimamisha lile gari. Mkono ukapanda, ukafika kifuani, ukakwama hapo. Akauma meno, akasukuma. Vidole vilivyolala vikafunguka nusu, vikatetemeka hewani.

Binti alimwona kwenye kioo cha pembeni. Akatabasamu, akatoa mkono wake dirishani, akampungia. Dereva naye akapiga honi mara mbili kwa heshima. Na kwa kuwa si vizuri mwenzako aage peke yake, Fomula akasimama akapunga, Geti akasimama akapunga, wakavipungia viti mpaka gari likakata kona.